Kabla ya kununua kiyoyozi, panda darini

Ndugu zangu, wengine mmeshanisikia nikilisema hili, na leo mtalisikia tena, kwa sababu Dar es Salaam bado tunajenga vilevile: bati, kenchi, jipsamu, vipenu vimezibwa pande zote, halafu mwenye nyumba anakimbilia kiyoyozi. Kiyoyozi hakina kosa. Kinapigana na jiko lililowashwa juu ya kitanda, yaani bati la moto. Dawa yake ni foili, karatasi ya alumini inayong'aa, inayofungwa chini ya bati.

Pima kwanza. Saa nane mchana, siku ya jua kali, panda kwenye kiti, weka kiganja shibiri moja chini ya dari bila kuigusa. Kisha kiweke shibiri moja kutoka ukuta wa ndani, ule usiopigwa na jua. Kiganja kikihisi joto darini na ukutani kisihisi, tatizo liko juu. Mwenye kipimajoto cha kuelekeza, kama wanachotumia mafundi wa friji, asome namba: dari ikizidi ukuta kwa nyuzi 4 au 5, hakuna haja ya kubishana na mtu.

Sasa joto hilo linashukaje? Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Kila mara yupo anayesema joto hupanda, halishuki. Inayopanda ni hewa ya moto! Bati la saa nane linafika nyuzi 60, hata 70, na joto lake linashuka kwa mionzi, kama la jua linavyotufikia. Kaa ubavuni mwa jiko la mkaa: hewa yake inakwenda juu, lakini muundi wa mguu unaungua. Simamisha sinia katikati, muundi unapata nafuu papo hapo. Sinia halikugusa jiko wala mguu. Foili darini inafanya kazi hiyohiyo.

Shikeni neno hilo, halikugusa. Alumini inayong'aa inarudisha zaidi ya asilimia 90 ya mionzi ya joto, na yenyewe ikipata moto inatoa mionzi kidogo sana. Lakini upande wake ukigusana na kitu, joto linapita hapo moja kwa moja, maana alumini inapitisha joto kuliko bati lenyewe. Kwa hiyo fundi akiivuta foili juu ya papi, zile mbao za kupigilia bati, ikakaza kama ngoma, kisha akalaza bati juu yake, uso wa juu umepotea, umebaki wa chini peke yake. Iachwe ibonyee sentimita 3 kati ya papi na papi. Na aliyeitandaza juu ya jipsamu? Chini imegusa ubao, juu inapokea vumbi la mwaka mzima, na foili iliyojaa vumbi inapoteza sehemu kubwa ya kazi yake.

Mtasema, basi uso unaong'aa si utazame juu, kwenye bati? Kama ni mmoja, utazame chini. Uso wa chini haushiki vumbi, na kwa kuwa unatoa mionzi kidogo sana, dari yako inapona.

Nyumba iliyokwisha kuezekwa haihitaji kuezuliwa. Panda alfajiri, mchana huko juu mtu anazimia. Kanyaga mbao tu, jipsamu haibebi mtu. Piga foili kwa pini chini ya mbao za kenchi zinazofuata mteremko, ipandane sentimita 15 kila kiungo, na uache wazi sentimita 5 hadi 8 kileleni na nyingine chini kwenye vipenu, ili hewa iliyonaswa kati ya foili na bati itoke. Pima eneo la dari, ongeza asilimia 20 kwa mteremko na mapandano.

Lakini zima swichi kuu kabla ya pini ya kwanza. Swichi kuu, si ya chumba kimoja! Foili inapitisha umeme. Pini ikitoboa waya, foili nzima inakuwa waya. Australia, katika mpango wa serikali wa mwaka 2009 na 2010, vijana wanne waliokuwa wakiweka vizuia joto darini walikufa, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto.

Muda unanibana. Matundu ya hewa: kanuni ya Marekani ni sehemu 1 ya uwazi kwa kila sehemu 150 za eneo la dari. Dari ya mita za mraba 90 inataka uwazi wa mita za mraba 0.6, nusu kwenye vipenu, nusu kileleni. Msiniambie popo na mbu, wekeni wavu. Ila wavu wa mbu unakula karibu nusu ya uwazi, kwa hiyo tundu liwe kubwa mara mbili.

Mlango wa dari: washa udi, uzungushe kando yake. Moshi ukivutwa au ukisukumwa, hewa inapita hapo, ziba ukingo kwa mpira.

Madoa ya dari pasipo mvua: usiku bati linapoa kuliko hewa, umande unadondoka chini yake. Usikimbilie kupaka lami kabla hujapanda alfajiri kuangalia kama upande wa chini wa bati umelowa wote.

Na nyumba za zamani zenye mabati ya asbesto: msitoboe, msikate, msifagie vumbi lake likiwa kavu.