Ramani ya Treni Si Mji

Nyuma kule mnanisikia? Haya. Wale mlionisikiliza mwaka jana mnajua ninakoelekea, mnaweza kuendelea na simu zenu. Nazungumza na wageni.

Mada niliyopewa ni mwanafunzi wa chuo na namna ya kuujua mji mkubwa wa jirani kwa usafiri wa umma. Chuo kiko huku, mji uko kule, treni ipo, Jumamosi ipo. Faida zake mnazijua, sitazihubiri. Mimi nina ugomvi na kitu kimoja tu, nao ni wa miaka mingi: ile ramani ya mistari ya rangi iliyobandikwa kila stesheni.

Kila mwaka nawauliza wanafunzi wangu, mjini mmeshafika? "Tumefika sana, mwalimu." Vizuri. Basi nitoe stesheni kuu unipeleke makumbusho kwa miguu. Kimya. Anajua mstari wa kijani, anajua abadilishe kituo cha nne, anajua atokee mlango wa mashariki. Kati ya shimo aliloingilia na shimo alilotokea, hajui kuna nini. Huyo anaujua mji kama fuko anavyolijua shamba.

Na ramani hiyo ina mwenyewe. Mwaka 1931, mjini London, Harry Beck, mchoraji wa michoro ya kiufundi aliyewahi kuajiriwa na reli za chini ya ardhi, alijiuliza swali la maana sana: abiria aliye chini ya ardhi haoni mto wala barabara, sasa ya nini kumchorea? Huyu anataka kujua mambo mawili, kituo kipi kinafuata na wapi abadilishe treni. Akachora mistari iliyosimama, iliyolala na ya mshazari, akavipanga vituo karibu kwa nafasi sawa, utadhani ni mchoro wa nyaya za umeme. Wakubwa waliikataa kwanza, wakaona jamaa kapitiliza. Ikachapishwa 1933, abiria wakaipenda, na leo ukienda karibu mji wowote wenye treni za chini utakuta ramani ya ukoo huo.

Beck simlaumu. Kazi yake aliifanya vizuri mno. Tatizo ni sisi, tuliochukua jibu la "nibadilishe wapi?" tukalifanya jibu la "mji huu umekaaje?"

Maana ili majina yote yaenee, ilibidi katikati ya mji papanuliwe na pembezoni pabanwe. Matokeo yake vituo vya katikati vinaonekana viko mbalimbali, kumbe vimekaribiana kama meno. Sasa naja kwenye mfano wangu, na wale wa mwaka jana msinicheke. Leicester Square na Covent Garden, hukohuko London. Kutoka kimoja hadi kingine ni kama mita 260. Viwanja viwili na nusu vya mpira! Mgeni anatazama ramani, anaona vituo viwili, anasema nipande treni. Anashuka ardhini. Anangoja. Treni inakwenda muda usiotosha hata kufunga kamba za viatu. Sasa Covent Garden ni kituo kilichochimbwa chini sana, watu hutoka kwa lifti. Akikuta foleni ya lifti akajifanya kijana, akaamua kupanda ngazi, zinamngoja vidato 193. Anatokea juu anahema, shati limelowa. Aliyetembea alishafika zamani, njiani kapita maduka na kumbi za maonyesho, na pengine keshasimama kumtazama mpiga gitaa wa barabarani. Na huyu wa chini ndiye aliyelipa nauli. Kalipia kutoona.

New York nao walikuwa na kituko chao. Ramani yao ya 1972, aliyoibuni Massimo Vignelli, inasifiwa na wasanifu hadi kesho. Lakini Central Park, bustani ndefu nyembamba yenye urefu wa kilomita 4 na upana usiofika kilomita moja, humo ilitokea karibu mraba. Na ya kijivu. Bustani, kijivu! Wenyeji hawakukubali, kwa sababu wenyeji wanaujua mji wao wa juu. Mwaka 1979 ikawekwa nyingine. Mgeni angelalamika nini? Angeamini tu.

Nami niliamini. Nilipokuwa na umri wenu rafiki yangu alihamia mji wa jirani, nami nikawa namtembelea kila Jumamosi. Kutoka stesheni kuu ya huko, treni ya kwanza vituo vinne, nabadilisha, nangoja, ya pili vituo vitatu. Dakika 35. Miezi saba nilifanya hivyo, na nilijiona mwenyeji kabisa. Nilikuwa nawaelekeza watu. Siku moja, nikiwa bado stesheni kuu, nikasikia mstari wa pili umefungwa kwa matengenezo. Nikapanda juu nimekasirika, nikamwuliza mzee mmoja basi la kwenda mtaa fulani ni lipi. Akasema, "Basi la nini, mwanangu?" Akanyoosha kidole. Palikuwa na bomba refu la moshi, la matofali mekundu, na bomba lile nilikuwa nalitazama kila wiki kutoka dirishani kwa rafiki yangu. Nilitembea dakika 11. Mistari miwili ile ilikuwa inapinda kama herufi V, na mimi miezi saba nilikuwa nashuka mguu mmoja wa V napanda mwingine, juu pakiwa wazi.

Wazee walisema tembea uone. Hawakusema ingia shimoni ubadilishe treni.

"Lakini mwalimu, siku hizi kuna simu." Nilijua. Kila mwaka yupo, na kila mwaka hukaa upande huu wa kushoto. Simu naitumia mwenyewe. Mwaka 2005 shirika la usafiri la Portland, Marekani, linaloitwa TriMet, liliwapa watu wa Google ratiba zake, ukazaliwa muundo mmoja wa mafaili ambao sasa mashirika ya usafiri dunia nzima huutumia kutangaza ratiba zao. Jambo jema sana. Ila simu huulizwa swali moja: njia gani ni ya haraka? Na ya haraka mara nyingi ni ya chini. Wewe Jumamosi una haraka ya kwenda wapi? Umekwenda kutazama mji, halafu unachagua njia ya kutouona, ili uwahi kuutazama!

Panda basi. Kama kuna tramu, panda tramu. Kama treni inapita juu ya nguzo, kama ile ya Chicago inayozunguka katikati ya mji tangu 1897, usawa wa madirisha ya ghorofa, hiyo ni zawadi. Kaa mbele, au upande usio na jua. Chagua njia ndefu inayokatiza mji kutoka pembe hadi pembe, uende nayo hadi kituo cha mwisho, ushuke, unyooshe miguu, urudi nayo. Utaona mahali maduka makubwa yanapokwisha, mahali shule zinapoanza, mahali watu wote wanaposhuka na wewe ukabaki na dereva. Tokyo kuna mstari uitwao Yamanote, unazunguka mji duara la kilomita 34.5, vituo 30, kama saa moja hivi. Mgeni hawezi kupotea humo. Akisinzia sana atarudi alipoanzia.

Mtaniambia mabasi hayaaminiki, yanachelewa halafu yanakuja mawili kwa pamoja. Kweli kabisa. Na mnadhani madereva walikuwa wanapiga soga. Sikilizeni. Basi likichelewa kidogo tu, kituo kinachofuata litakuta watu wengi zaidi, kuwapakia kunalichelewesha tena, na mbele litakuta wengi zaidi ya hao. La nyuma yake linakuta vituo vitupu, linakimbia, linalifikia. Hakuna mwenye kosa. Sasa chukua njia ambayo ratiba inasema basi kila dakika 10, lakini yamebanana, likija moja baada ya dakika 2, jingine baada ya 18. Wastani bado ni 10, ofisini wanaandika mambo ni shwari. Wewe uliyekuja kituoni bila kupanga? Pengo la 18 ni pana mara tisa ya lile la 2, kwa hiyo watu 9 kati ya 10 wanaangukia humo, na wastani wa kungoja ni zaidi ya dakika 8, si 5 ulizodhani. Kwa hiyo malalamiko yenu yana hesabu ndani yake. Na dawa ni hii: la kwanza likija limejaa hadi mlangoni na la pili unaliona nyuma yake, liache. La pili lina viti.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilimwambia dakika 20 hazitoshi.

Upesi basi. Nauli: ulizia tiketi ya siku kabla ya kununua tiketi moja moja. Miji mingine ina ukomo wa siku. Oyster, kadi ya nauli ya London, ilianza kufanya hivyo 2005, ukishafika kiwango fulani haikati tena mpaka kesho. Ulizia punguzo la wanafunzi, na kitambulisho kiwe mfukoni, si bwenini. Kurudi: jambo la kwanza ukifika mjini ni kujua gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi, na uangalie ratiba ya siku hiyohiyo, maana ya Jumapili si ya Jumamosi. New York treni zinakwenda usiku kucha, lakini miji mingi si New York. Nimewahi kulala kwenye benchi la stesheni kwa kusoma safu isiyo yangu, na benchi hilo lilikuwa na vyuma vya kuzuia watu wasilale. Usiku kaa karibu na dereva. Kuhusu lifti mbovu na wenzetu wa viti vya magurudumu nilikuwa na kurasa mbili nzima. Hizo zinataka siku yake, nami nitaidai siku hiyo.

Maswali. Wewe wa kushoto, naona umenyoosha mkono. Simu weka chini kwanza.