Kichwa kilichozaa mji mkuu, mtaji na ng'ombe

Mbukwenyi!

Ahsanteni, mmeitikia vizuri kuliko wanafunzi wangu wa kipindi cha saa nane mchana.

Nimefundisha Kiingereza sekondari hapa Dodoma kwa miaka mingi, na kuna madaftari mawili sitayasahau. Nilitoa sentensi fupi ya kutafsiri: "Dodoma is the capital of Tanzania." Kijana mmoja, mwangalifu sana, akafungua kamusi akaandika: "Dodoma ni mtaji wa Tanzania." Mwenzake wa dawati la nyuma akaandika: "Dodoma ni herufi kubwa ya Tanzania." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao, nikawakosesha wote wawili. Usiku nikiwa nasahihisha yaliyobaki, kicheko kikaniisha. Kamusi haikuwadanganya. Neno ni lile lile moja. Kwa nini Mwingereza ameuweka mji, fedha, herufi na hata adhabu ya kunyongwa kwenye kapu moja? Leo nimekuja kulifungua kapu hilo mbele yenu.

Warumi wa kale walikiita kichwa "caput". Kutokana na hicho wakaunda "capitalis", maana yake "cha kichwa". Waingereza walilipokea neno hilo kupitia Kifaransa katika karne ya 13, na mwanzoni lilikuwa neno la kusifia tu, kama sisi tunavyosema "kuu". Herufi inayokaa kichwani mwa sentensi ikaitwa hivyo. Kosa ambalo malipo yake ni kichwa chako likaitwa hivyo. Hapo Warumi walikuwa na jambo la kufurahisha kidogo, kama sheria inaweza kufurahisha: katika sheria zao "caput" lilikuwa pia hadhi ya mtu kama raia. Ukivuliwa uraia, kisheria umepoteza kichwa, hata kama bado unacho shingoni na unakuna nywele.

Na mji ulio kichwa cha nchi ukaitwa "capital". Sisi hatukupita njia hiyo. Tulichukua "mkuu", tukapata mji mkuu, tukapata na makao makuu. Wenyeji mnajua jinsi makao makuu haya yalivyokawia. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba serikali ihamie hapa, serikali ikaanza kuhama kwa kishindo mwaka 2016, na sheria ya kulitamka Jiji la Dodoma kuwa makao makuu ikapitishwa mwaka 2018. Kwa zaidi ya miaka arobaini kichwa kilitajwa Dodoma, lakini macho na mdomo vilikuwa Dar es Salaam.

Sasa fedha. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu kuna hadithi moja tamu inayotembea, na si ya kweli. Inasema hivi: zamani utajiri ulikuwa ng'ombe, ng'ombe walihesabiwa kwa vichwa, kwa hiyo kichwa kikawa mtaji. Ukiwa Ugogo hadithi hii inaingia kama uji kwa mtoto. Nenda mnadani Msalato siku ya Jumamosi, kisha jaribu kumwambia mtu pale kwamba utajiri hauhesabiki kwa vichwa! Mimi mwenyewe niliifundisha kwa miaka kadhaa. Naomba radhi kwa waliokuwa wanafunzi wangu, nawaona wawili mmekaa pale kushoto.

Ilivyokuwa ni hivi. Katika Ulaya ya zama za kati, mtu akikopesha fedha, ile fedha yenyewe aliyoitoa iliitwa sehemu ya kichwa ya deni, tofauti na riba iliyoota juu yake. Umenikopesha laki moja, nakurudishia laki na ishirini: laki ni kichwa, ishirini ni kilichoongezeka. Wafanyabiashara wa Italia wakalizoea neno, likapanuka likawa mali yote ambayo mtu anaizungusha. Akina mama mlio kwenye vikoba hamuhitaji Kilatini kulielewa hili. Kila mwisho wa mzunguko mnajua kipi ni cha kurudi na kipi ni cha kugawana.

Kwa hiyo ng'ombe hakuizaa "capital". Mambo yalikwenda kinyume: "capital" ndiyo iliyomzaa ng'ombe. Neno la Kilatini la mali, "capitale", lilipofika Ufaransa lilipata matamshi mawili. Paris na majirani zake walilianza kwa sauti ya "ch", wakasema "chatel". Wanormandi wa kaskazini wakaibakiza "k" ya zamani, wakasema "catel". Mwaka 1066 Wanormandi wakavuka bahari wakaitwaa Uingereza, na "catel" yao wakaenda nayo. Maana yake ilikuwa mali, mali yoyote inayohamishika: vyombo, nafaka, fedha, mifugo. Lakini kijijini mali inayohamishika kwa miguu yake yenyewe ndiyo inayoonekana zaidi. Taratibu neno likaanza kuegemea zizini, likawa "cattle".

Hata hapo halikuwa la ng'ombe peke yao. Farasi alikuwamo, nguruwe alikuwamo, kondoo alikuwamo. Wenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 wafungue Mwanzo sura ya 30, pale Yakobo anapopatana na Labani kuhusu wanyama wenye madoa. Wanyama wale ni kondoo na mbuzi, lakini Kiingereza cha wakati ule kinawaita "cattle" bila wasiwasi wowote. Ni baadaye ndipo ng'ombe alipowafukuza wenzake akabaki na jina.

Kwa hiyo Mwingereza wa leo akisema ana "fifty head of cattle", ukichimba mpaka chini anasema ana vichwa hamsini vya kichwa. Hajui. Mwacheni.

Yale matamshi ya Paris nayo yaliingia Kiingereza, kwa mlango wa mahakama, yakawa "chattel": mali inayohamishika, tofauti na ardhi na nyumba. Neno la wanasheria, kavu, la kwenye hati. Na katika majimbo ya Marekani yaliyokuwa na utumwa, sheria ililitumia neno hilo kwa watu. Mtu aliandikwa "chattel", akarithishwa, akawekwa rehani. Hapa Ugogo palipita njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Bagamoyo, na wengi waliotembezwa juu ya udongo huu walihesabiwa pamoja na pembe za ndovu. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922. Naomba neno hili mlione lilivyo: ndugu wa damu wa "cattle", na ndugu wa damu wa "capital".

Kuna jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii, nalo liko katika lugha yetu. Rasilimali. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na Waarabu wanasema "ra's al-mal". "Ra's" ni kichwa. "Mal" ni mali. Rasilimali ni kichwa cha mali! Tumekuwa tukilisoma kwenye hotuba za bajeti miaka yote, na picha iliyomo ndani yake ni ile ile iliyomo katika "capital". Na Waarabu wa jangwani waliposema "mal" mara nyingi walikuwa na maana ya ngamia, kama ambavyo mfugaji wa hapa akikuambia mali yake imekwenda kunywa maji hutarajii kuona noti zikielekea mtoni.

Msiishie hapo. Rais ni nani? Ni "ra'is", kutoka kichwa kile kile. Rasi, ncha ya nchi kavu inayochomoza baharini, ni kichwa tena. Na Mwingereza rasi anaiita "cape", nayo mzizi wake ni "caput". Yule mji wa Afrika Kusini ambao tangu darasa la nne mliufundishwa kwa jina la Cape Town ni Mji wa Kichwa, basi. Lakini msichangamke mkadhani kila penye "ras" pana kichwa. Rasimu na rasmi ni ukoo mwingine kabisa, wa kuchora na kuandika. Nilishawahi kukosea hilo mbele ya mwalimu wa Kiarabu na sikulala vizuri.

Mtaji wenyewe, neno alilochagua yule kijana wangu, wacheza bao mnalijua. Kwenye bao mtaji ni hatua ya kula: umetua kete mahali pazuri na za mwenzako zinakuja upande wako. Sijaona neno la fedha linalosema ukweli wazi namna hiyo. Na mfumo wenye mtaji mbele, ambao Wazungu wameupa jina kutokana na "capital", sisi tuliuita ubepari, kutokana na bepari, mfanyabiashara kwa lugha ya Kigujarati. Wao walilitazama lile fungu la fedha, sisi tukamtazama mwenye duka. Ndilo neno lililoingia katika Azimio la Arusha mwaka 1967, na wa umri wangu mnakumbuka lilivyotamkwa kwa meno.

Ukoo wa "caput" ni mkubwa, nikiutaja wote jua litazama. Kapteni ni kichwa cha meli au cha timu. Kabichi, kupitia "cabbage" ya Kiingereza, ni kichwa, na hilo halihitaji maelezo, litazameni tu sokoni. Pato la "per capita" ni pato kwa kila kichwa. Kuna kichwa kimoja tu cha Kiingereza kisicho cha ukoo huu ambacho siwezi kukiacha: "poll". Leo maana yake ni kura, zamani ilikuwa kichwa, maana kupiga kura ni kuhesabu vichwa. "Poll tax" ni kodi ya kichwa, ile ile ambayo wazee wetu waliikimbilia porini mtoza kodi alipoonekana kwa mbali.

Nimalizie kwa jambo linalowachanganya hata Waingereza wenyewe. Mji mkuu wa Marekani ni "capital", kwa herufi "a". Jengo la Bunge lao ni "Capitol", kwa "o". Jengo lilipewa jina la kilima kimoja cha Roma, na kuhusu kilima hicho Warumi walikuwa na hadithi: walipochimba msingi wa hekalu la mungu wao Jupita, walikuta kichwa cha mtu ardhini. Waaguzi wakasema basi, mahali hapa patakuwa kichwa cha dunia.

Na sisi? Jina la Dodoma linatokana na neno la Kigogo "idodomya", limezama. Wengine wanasema ni tembo aliyekwama kwenye matope akinywa maji, na hiyo ndiyo inayopendwa kwenye vitabu. Lakini ipo ile nyingine ambayo wazee huisimulia huku wakicheka. Vijana wa Kigogo waliiba ng'ombe wa majirani wa kusini, sitawataja, watani wangu mmo humu ndani, wakachinja, wakala wakamaliza. Wenye ng'ombe walipofuata nyayo, wakakuta mikia imechomekwa kwenye matope, imesimama wima. Wenyeji wakaonyesha kwa huzuni kubwa: tazameni jamani, ng'ombe wenu wote, idodomya!

Roma walichimba wakakuta kichwa. Sisi ukivuta mkia pale matopeni, hakuna ng'ombe.

Naona mikono imeinuka. Tuanze na wewe babu uliyejifunga mgolole, maana umekuwa ukitikisa kichwa tangu nilipofika kwenye mikia.