Lebo Kolani: Kuzipa Majina Sauti za Gemu
(Mhadhara kwa vijana, Kisumu)

Hamjambo ndugu zangu. Wa nyuma sogeeni mbele, leo ni siku ya kusikiliza na feni hili lina kelele.

Kijana mmoja kanidaka mlangoni: "Mwalimu, nimetoa sauti zote kwenye gemu, lakini folda nzima ni namba tupu." Nikamwuliza kama ashawahi kusimama Kibuye Jumapili, belo la mitumba likifunguliwa. Nguo zinamwagika ovyo. Mnunuzi mzoefu hapapatikii rangi. Anapindua kola atafute lebo.

Faili nazo zina lebo kolani. Ifungue kwa programu inayoonyesha baiti, usome herufi nne za mwanzo. OggS ni Ogg, aina mojawapo ya faili za sauti. fLaC imejitaja yenyewe, ni FLAC, aina nyingine. VAGp ni ya PlayStation. FSB5 ni gunia la FMOD, programu ya kuendeshea sauti za gemu, ndani mna sauti nyingi. RIFF kwa kawaida ni WAV, ila ina ujanja: faili za Wwise, programu nyingine ya sauti za gemu, huanza vivyo hivyo, na mara nyingi zimebanwa kwa namna ambayo kicheza muziki cha kawaida hakiielewi. Hapo chukua vgmstream, programu ya kucheza sauti za gemu, ni ya bure na imezoea vurugu hizi.

Sasa kuna zisizo na lebo kabisa, na hizo ndizo zilizonitia aibu. Faili mbichi unaiingiza Audacity, programu ya kuhariri sauti, na wewe ndiwe wa kuiambia sampuli, yaani vipimo vya sauti, ni ngapi kwa sekunde. Mimi niliweka 44100. Nikasikia kitoto kinalia, nikaandika "mtoto_analia", nikalala. Kumbe ilikuwa 22050! Nilipoirekebisha, sauti ikashuka oktava nzima, na yule mtoto akawa jitu linalonguruma. Orodha nilishawapa wenzangu. Ubaya zaidi, namba ya awali nilikuwa nimeifuta, hata kuitafuta faili ile upya ikawa kazi.

Namba msiifute. Bandikeni jina mbele yake, yenyewe ibaki. Katika Wwise, namba ya tukio, tuseme mlango kufunguka, hutokana na jina la tukio hilo kupitishwa kwenye hesabu iitwayo FNV ya biti 32. Hairudi nyuma. Lakini unaweza kubuni jina, ukalipitisha kwenye hesabu ileile, ukaona kama namba zinafanana. Kisha benki za sauti, zile zinazoanza na BKHD, zinakuonyesha tukio hilo linaita faili ipi. Tahadhari: namba zinazowezekana ni kama bilioni 4.29 tu, kwa hiyo majina tofauti yanaweza kutoa namba moja. Ukiiachia kompyuta ibuni herufi ovyo usiku kucha, asubuhi utakuta maneno ya kipuuzi yaliyofanana na namba yako barabara.

Ukikosa yote hayo, una masikio. Andika ulichosikia: "chuma kwa chuma, fupi, ina mwangwi". Usiandike "upanga wa mfalme", upanga umeuona wapi? Mfupa unaovunjika kwenye gemu huenda studioni ulikuwa shina la mboga.

Na sauti hizi zina wenyewe. Chambua, jifunze, usiende kuziuza.

Haya, aliye karibu na swichi atuzimie feni. Nitacheza faili moja mara tatu. Kila mtu aandike alichosikia kabla hajachungulia karatasi ya jirani.