Mafunzo ya Uongozi wa Afya Yaanzie Wodini

Ndugu waganga wafawidhi, wauguzi wakuu, wafamasia, wahasibu na maofisa mipango, nawashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nizungumzie mafunzo ya uongozi na menejimenti katika sekta ya afya, na naomba nianze na oksitosini, dawa ya sindano inayozuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua.

Mama amejifungua na damu haikatiki. Mkunga anafuata mwongozo: anachoma sindano, anasugua mfuko wa uzazi, anaita msaada. Damu inaendelea kutoka. Dawa ile inatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, lakini friji ilizimika siku kadhaa zilizopita na hakuna aliyepewa jukumu la kuandika joto lake kila asubuhi. Mkunga hakukosea kitu. Aliyekosekana ni mtu wa kupanga nani akague friji, wa kutenga fedha za fundi, wa kuhakikisha habari ya friji kuharibika inamfikia yeye siku ileile. Kazi hiyo ni ya meneja. Wapo wenzetu wanaoiona menejimenti kuwa ni makaratasi ya ofisini, mbali na mgonjwa. Naomba tuachane na fikra hiyo kabisa, kwa sababu inaua.

Sasa, mameneja hawa tunawapata vipi? Mara nyingi tunamchukua tabibu hodari kuliko wote na kumkabidhi hospitali. Wiki hii anapasua wagonjwa, wiki ijayo anaidhinisha bajeti na kusuluhisha ugomvi wa zamu. Mahali pengine hata hajulikani mwenye dhamana ni nani. Mwaka 1983 Roy Griffiths, aliyeombwa na serikali ya Uingereza kuchunguza uendeshaji wa huduma yao ya afya, aliandika kwamba kama Florence Nightingale, yule muuguzi mashuhuri aliyezungukia wagonjwa usiku kwa taa, angekuwa anapita na taa yake katika korido zile, karibu kwa hakika angekuwa anawatafuta wenye mamlaka. Vipo vituo vingi duniani ambako angeendelea kutafuta hadi leo.

Dawa tuliyoizoea ni semina. Watu wanatolewa kazini kwa wiki moja, wanafundishwa, wanapewa cheti, wanarudi. Sisemi kwamba hawajifunzi kitu. Lakini tazameni mfumo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 kuhusu kuimarisha uongozi na menejimenti ya afya. Unataja mambo manne yanayohitajika kwa pamoja: idadi ya kutosha ya mameneja, ujuzi wao, mifumo ya kazi inayowasaidia kama ya fedha, dawa na takwimu, na mazingira yanayowaruhusu kuamua. Semina inagusa moja tu kati ya hayo.

Chukueni stoo ya dawa. Mzigo unachukua wiki 6 kufika tangu uagizwe. Kituo kinaagiza kikiwa kimebakiwa na dawa za wiki 2. Maana yake wiki 4 za rafu tupu zimeshapangwa tayari, hata kabla ya ugonjwa wowote kulipuka. Mfamasia anaijua hesabu hii vizuri sana. Lakini anayeidhinisha oda ni mwingine, na mwenye kushika fungu la fedha ni mwingine tena. Ukimpeleka mfamasia peke yake kwenye mafunzo, utakuwa umemfundisha jambo analolijua na kumrudisha palepale alipokwamia.

Kuna mfano mwingine ambao ningependa tuutafakari kwa kina. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji salama, yenye vipengele 19. Ndani yake hakuna dawa mpya. Inauliza kama mgonjwa ni yule aliyekusudiwa, kama antibayotiki imetolewa, na inataka kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 za nchi tofauti, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Baadaye orodha hiyo ikaenea katika jimbo la Ontario, Kanada. Watafiti wakalinganisha miezi 3 kabla na miezi 3 baada ya kuanza kutumika katika hospitali 101, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuonyesha upungufu wa maana wa vifo.

Wataalamu wanabishana kuhusu sababu. Mimi msimamo wangu ni kwamba karatasi haiwezi kuongoza watu. Muuguzi atauliza kama pamba zilizotumika kwenye upasuaji zimehesabiwa zote pale tu anapojua kwamba daktari atasimama na kusikiliza, na kwamba kesho hatahamishwa zamu kwa kuuliza. Hali hiyo hujengwa na kiongozi, siku baada ya siku, mbele ya macho ya wote. Hapa ndipo mafunzo yetu yana kazi kubwa, na hapa ndipo tunapotumia muda mdogo kuliko kote.

Kwa hiyo programu ninayoipendekeza inachukua timu nzima: mganga, muuguzi, mfamasia, mhasibu, mtu wa takwimu. Timu inachagua tatizo moja la kituo chake, inalipima, inajaribu mabadiliko madogo, inapima tena. Mwalimu anawafuata kazini kila mwezi, kwa muda usiopungua nusu mwaka. Na bosi wa timu hiyo, yule mwenye kalamu ya kuidhinisha fedha na uhamisho, anakuwemo tangu siku ya kwanza. Asipokuwemo, ni afadhali kuahirisha.

Kikao kijacho, kila timu ije na leja ya stoo ya miezi 3 iliyopita, orodha ya zamu kama ilivyofanyika na si kama ilivyopangwa, pamoja na jina la mtu mwenye idhini ya mwisho juu ya tatizo mlilolichagua. Tutaanza na timu ambazo mtu huyo amekuja nazo.