Umepangiwa Mahakamani? Usinune

Haya vijana, walio nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Mmetoka depo ya polisi juzi tu na naambiwa barua za vituo zimeshatoka, na waliopangiwa mahakamani nimewatambua bila kuuliza majina, manake ndo nyie mmenuna. Mwenzako kapewa doria, mwingine barabarani, wewe unaambiwa ukasimame mlangoni mwa chumba cha mahakama, hakimu akiingia useme watu wasimame, akikaa uwaambie wakae. Mimi pia nilinuna hivohivo. Niliona nimeadhibiwa kwa kosa nisilolijua.

Nilikaa pale miaka mitatu, nilipotoka nikaenda upelelezi, na huko ndo nikagundua nina kitu ambacho wenzangu hawana: nilishaona kesi zinavokufa kabla sijamkamata mtu hata mmoja. Askari wengi kazi hii wanaianza mbele, anakamata, anaandika maelezo, jalada likishaenda mahakamani hajui tena liliishia wapi, akisikia mtu kaachiwa anasema hakimu kala hela. Wewe wa mahakamani unaanzia mwisho. Unakaa siku nzima unasikiliza kwa nini mtu kaachiwa, na mara nyingi wala si hela, ni karatasi.

Ngoja niwape moja. Kesi ya wizi wa simu, ya kawaida kabisa. Afande mmoja mzoefu, mtu ninayemheshimu, kapanda kizimbani kutoa ushahidi, katoa bahasha, ndani simu. Wakili wa utetezi hakupiga kelele kama mnavodhani mawakili wanapiga kelele, aliuliza polepole tu: afande, hii bahasha uliifunga wewe? Ndio. Siku gani? Akataja. Mbona kwenye fomu ya kukamatia mali umeandika simu nyeusi na hapa mezani naona ya bluu? Afande akasema ilikuwa usiku. Taa ya kituoni haiwaki? Inawaka. Sasa hapo alikuwa na njia moja tu nzuri, aseme nilikosea kuandika, yaishe, lakini akaanza kubisha kwamba ile bluu ukiiangalia vizuri ni nyeusi, yaani chumba kizima kinaiona simu, hakimu anaiona, karani anaiona! Mimi nimesimama hatua nne kutoka pale natamani nimfinye. Hakimu akainamisha kichwa akaandika, na nikaja kujifunza kwamba hakimu akiinama kuandika hivo bila kuuliza swali, jalada limeshaanza kuzama. Tangu siku ile sijawahi kuandika rangi ya kitu bila kukipeleka kwenye mwanga, na sijawahi kubisha kizimbani, sikumbuki nasema sikumbuki, nimekosea nasema nimekosea.

Depo walitufundisha kuandika maelezo kwa wiki kadhaa na sikuelewa, hiyo simu ya bluu ilinielewesha kwa dakika 20.

Sasa ulinzi. Watu wanadhani hatari iko kwenye kesi kubwa, mauaji, ujambazi. Huko kila mtu yuko macho kwa hiyo mara nyingi panatulia. Mimi chumba nilichokiogopa kilikuwa cha talaka na watoto, manake pale hakuna aliyezaliwa mhalifu, kuna watu wawili waliopendana na sasa mmoja anaambiwa mtoto anaondoka naye mwenzake. Mtu wa hivo hajapanga chochote asubuhi, hata yeye hajui atafanya nini saa tano. Kwa hiyo uamuzi ukianza kusomwa usimwangalie hakimu, najua unataka kusikia, lakini macho yako yawe kwenye mabenchi, angalia mikono, angalia nani kaanza kunyanyuka kabla ya wenzake. Na zile familia mbili usiziache zitoke kwa mlango mmoja kwa wakati mmoja, hawa watangulie, wale wasubiri hata dakika tano.

Mahabusu nao wana yao. Hatari kubwa ni mazoea. Kuna tukio la Atlanta, Marekani, tarehe 11 Machi 2005, nataka mlijue. Mshtakiwa anaitwa Brian Nichols, kesi ya ubakaji, siku chache kabla alishakutwa na vipande vya chuma amevificha kwenye viatu, yaani onyo lilikuwepo. Siku hiyo akaachwa na askari mmoja peke yake, mwanamke, ili afunguliwe pingu abadili nguo aingie mahakamani kavaa kiraia. Akamshambulia yule dada, akachukua funguo, akafungua kisanduku ilimokuwa bastola. Alimuua jaji akiwa kwenye kiti chake, akamuua mwandishi wa kumbukumbu za mahakama, na nje akamuua askari mwingine aliyemfukuza, halafu kabla hajakamatwa kesho yake akamuua na ofisa mmoja wa serikali kuu. Watu wanne. Msiniambie yule dada alikuwa mzembe, waulizeni waliopanga kwamba mmoja anatosha. Ukiambiwa umfungue mtu pingu peke yako, omba mwenzako, wakikucheka wacheke.

Na msidhani anayekuja na silaha lazima awe mshtakiwa. Makadara, Nairobi, Juni 2024, hakimu alipigwa risasi na ofisa wa polisi mwenye cheo, baada ya kumfutia dhamana mke wa huyo ofisa. Hakimu alifariki. Kwa hiyo mlangoni sare isiwe pasi ya kupita, hata kama ni bosi wako, na najua hilo ni gumu kulitekeleza kuliko mimi kulisema hapa na maiki.

Mdomo sasa. Hapa ndo vijana wanaanguka. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani ilipokea kesi ya mauaji kutoka jimbo la Oregon, inaitwa Parker dhidi ya Gladden. Ofisa wa mahakama aliyepewa kazi ya kuwatunza wanajuri, wale raia wanaoamua kesi, alimwambia mmoja wao kwamba yule mshtakiwa ni mtu mwovu, ana hatia. Maneno ya kupita tu, pengine alikuwa anapiga stori. Hukumu ikatenguliwa. Upelelezi wote, mashahidi wote, vikarudi sifuri kwa sababu ya askari wa mlangoni aliyeshindwa kunyamaza! Shahidi akikuuliza choo kiko wapi mwelekeze. Akikuuliza unaonaje kesi yangu, huoni chochote.

Kuhusu uchovu siongei sana, utasimama, miguu itauma, kuna siku kesi zote zinaahirishwa na unarudi nyumbani huna cha kusimulia. Siku hizo kaa karibu na karani, hakuna mtu anayejua jengo lile kama karani.

Kuna swali pale. Ndio, we kijana. Anauliza ukimjua mshtakiwa itakuwaje.

Sema kwa mkubwa wako kabla mtu hajapandishwa. Mimi sikusema. Mwaka wangu wa kwanza aliletwa jamaa kutoka mahabusu, tulisoma naye, akaniona akaniita jina langu la utani la shule, na mimi bila kufikiri nikatabasamu. Sekunde moja tu. Kwenye benchi alikuwa amekaa mama wa yule kijana aliyeumizwa, na aliliona lile tabasamu. Hakusema kitu, hakulalamika popote, ila asubuhi nzima kila nikigeuka namkuta ananiangalia, na mimi ndo nilikuwa nimesimama katikati yake na mtu aliyemuumiza mwanae. Mchana nikaenda mwenyewe kuomba kubadilishwa chumba. Mkubwa akaniuliza sababu, nikamweleza yote, akasema ungekuja saa mbili.

Haya, mwingine nani?