Kadi ya Bima na Shelfu ya Dawa

Walimu, wazazi na wageni wetu, shikamooni. Wadogo zangu wa uuguzi na ufamasia, hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya bima ya afya na ubora wa huduma. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha madai cha hospitali moja hapa Mwanza, kwa hiyo nitasema niliyoyaona kutoka kwenye meza ile.

Siku moja alifika mama kwa meli ya kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, mtoto mgongoni ana homa, kadi ameifunga kwenye pindo la khanga. Akaandikishwa, akamwona daktari, mtoto akapimwa, na hakutoa hata senti. Mpaka hapo bima ilikuwa imefanya kazi kubwa. Bila kadi angesubiri kwanza dagaa wakauke wauzwe ndipo avuke, na homa ya mtoto haisubiri dagaa. Lakini kwenye dirisha la dawa akaambiwa, "Mama, hii hatuna, kanunue nje." Akaikunja ile karatasi, akaikunjua, akaikunja tena. Alibakiwa na nauli tu.

Kwa nini dawa haikuwepo? Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, hulipa baada ya huduma. Hospitali inatibu leo, inajaza fomu, inapeleka madai, kisha inasubiri. Wakati inasubiri, anayeleta dawa naye anadai chake. Akichoka kudai, mzigo hauji. Ndiyo maana nasema ubora wa bima usiupime kwa idadi ya kadi. Upime kwa siku ambazo pesa inachukua kurudi kutoka kwenye fomu hadi kwenye shelfu ya dawa.

Na kuchelewa kwingine tunakutengeneza wenyewe, wodini. Nimepokea fomu zisizo na jina la ugonjwa, zisizo na sahihi ya mgonjwa. Usiku muuguzi ametundika dripu tatu, kwenye faili imeandikwa moja. Mbili zimetumika kweli, mgonjwa amepona kweli, lakini pesa yake hairudi, na mwezi unaofuata dripu ni pungufu. Wadogo zangu, andikeni! Tulipobanwa na madai, mafaili yetu yalinyooka, na muuguzi wa zamu ya asubuhi akaanza kujua usiku palifanyika nini. Hiyo faida ya bima haitajwi sana, nami naithamini mno.

Liko na baya. Ukilipwa kwa kila kipimo, kishawishi cha kupima kupita kiasi kipo. Wapo wanaoandika hata kipimo ambacho hakikufanyika. Huo ni wizi, na anayeibiwa ni yule mtoto wa Nansio.

Bei nazo zina uzito wake. Kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko unalipa, kilipoanza Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wenye kadi, zikidai bei hazifidii gharama. Waliohangaika ni wagonjwa. Upande wa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, kaya ya watu sita vijijini ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa kila mtu. Ni nafuu ya kweli kwa mvuvi, lakini dozi moja au mbili tu huimaliza hiyo 5,000. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kila kadi mpya ni mgonjwa mpya dirishani, na zahanati za visiwani lazima zipate dawa na watu kabla foleni haijarefuka.

Yule mama alimpigia simu mdogo wake aliyekuwa mwaloni Kirumba. Akaja jioni na pesa, nguo bado zina magamba ya samaki, wakanunua dawa ng'ambo ya barabara. Mtoto alimeza dozi ya kwanza kwenye benchi letu, mbele ya dirisha lililokwisha kufungwa.