Nimsalimie au nipite tu? Njia za mashambani Uingereza

Haya jamani, mambo vipi, mnanisikia? Upepo mkali kidogo mnisamehe. Leo nimepanda treni Sheffield, kama nusu saa hivi nikashuka Edale, kijiji kidogo kipo katikati ya vilima vya Peak District, na nataka tuongee kitu kimoja kilichonisumbua sana nilipofika nchi hii, yaani ukikutana na mtu usiyemjua huku mashambani, unamsalimia au unapita kama hujamuona?

Maana mjini nilishakoma. Mwezi wa kwanza nasalimia watu kwenye basi, wananiangalia kama nataka kuwauzia kitu, nikajifunza kunyamaza. Sasa siku ya kwanza kuja huku nikaja na ukimya wangu wa mjini, nikakuta mama mmoja mtu mzima kanishikia geti, kaniambia "Lovely day", mi nimeinamisha kichwa huyo nikapita. Aibu yenyewe nimekuja kuisikia nishafika juu kabisa.

Nilichokuja kugundua, kuna mstari. Huuoni lakini upo. Pale stesheni na kwenye parking hamna anayemsalimia mtu, kila mmoja anafunga kamba za viatu na lwake. Unapita nyumba za mwisho, unapita geti la kwanza la kondoo, la pili, hapo ndo salamu zinaanza, na ni watu walewale! Yule mliyekaa naye kiti kimoja kwenye treni hajakohoa hata mara moja, mkikutana pembeni ya ukuta wa mawe anakuambia "Morning" na meno yote nje. Mi naona wakiwa wengi kusalimia inakuwa kazi, mkibaki wawili porini ukikaa kimya ndo unatisha.

Ila sasa iwe fupi. Jamaa mmoja kaniuliza "You alright?" mi nikasimama kabisa nikaanza kumweleza goti linavyoniuma tangu Jumanne, kuinua macho mwenzangu keshafika kwenye mti kule. Sio swali lile! Unamrudishia "Alright" basi unaendelea. Wazee wa huku wana yao, "Ay up", nayo unaijibu hivohivo. Ukitaka kusimama upige stori, ongelea mvua, matope yaliyoko mbele, au mbwa wake, na mbwa mara nyingi anasalimiwa kabla ya mwenyewe, usichukie.

Halafu kuna hili silichekei. Mi mwanaume, mweusi, nimevaa kofia hadi masikioni. Nikiona dada anakuja peke yake na giza linaingia, nasalimia mapema nikiwa bado mbali, kwa sauti ya kawaida, mikono nje ya mifuko, nasogea pembeni apite. Asipojibu sawa tu, hanidai simdai.

Na mnaweza kuniuliza, we unapita mashamba ya watu hawakufukuzi? Hapana, njia hizi nyingi zinakatiza kwenye ardhi ya mtu binafsi ila sheria inakuruhusu kupita, ili mradi unafuata njia. Lakini haikuwa hivi kila mahali. Huu mlima nyuma yangu, ngoja nisogee muuone, huu ndo Kinder Scout, mita 636, zamani walikuwa wameufunga matajiri wawinde ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi vijana wa viwandani Manchester, wakapanda kwa nguvu, juu wakakutana na walinzi wenye fimbo, wakashikana mashati, vijana watano wakaishia jela. Mwaka 1951 ndo eneo hili likawa hifadhi ya taifa, ya kwanza nchi hii. Kwa hiyo mi nikiambiwa "Morning" hapa juu na mtu ambaye hana hata habari na mimi, naipokea kwa mikono miwili, maana kuna watu hapahapa walipokelewa kwa fimbo.

Ngojeni ngojeni, kuna mtu anashuka na mbwa wake, nigeuze kamera nisimchukue sura.

Morning!

Mmesikia alivyocheka? Saa ngapi saivi... eh, saa nane na nusu mchana jamani.